Pembe Maradufu

Mwezi Februari mwaka 1825, mwanahisabati kijana aitwaye George Biddell Airy alisoma mbele ya wanasayansi wenzake wa Cambridge, Uingereza, taarifa kuhusu jicho lake mwenyewe la kushoto. Alikuwa amegundua kwamba kila anaposoma, jicho hilo halimsaidii kitu. Hakulikatia tamaa. Alitoboa kadi kwa ncha ya sindano, akaiweka mbele ya mwanga, akalitazama lile tundu kwa jicho la kushoto peke yake. Tundu lilipaswa kuonekana kama nukta. Kwa umbali wa inchi 6 lilionekana mstari. Alipolisogeza hadi inchi 3.5 likawa mstari tena, ila sasa umeelekea upande mwingine, ukiukingama ule wa kwanza kwa pembe mraba.

Airy alielewa maana yake. Jicho lake lilikuwa na nguvu mbili za kupinda mwanga, kila moja na mwelekeo wake, na hapakuwa na umbali wowote ambao miale yote ingekutana mahali pamoja. Kwa kipimo cha leo, tofauti ya nguvu hizo ilifikia takribani diopta 4.7, kiasi cha kumnyima mtu kusoma. Fundi mmoja wa mji wa Ipswich, jina lake Fuller, alimsagia lenzi ambayo uso wake mmoja ulikuwa sehemu ya tufe na wa pili sehemu ya silinda, na jicho lililokuwa limesusa kazi likaanza kusoma.

Airy hakuwa wa kwanza kuiona kasoro hii. Thomas Young, daktari na mwanafizikia, aliieleza miaka 25 kabla yake mbele ya Royal Society ya London. Jicho la Young liliikusanya miale ya wima kutoka kitu kilicho inchi 10 mbele yake, na ile ya mlalo kutoka kitu kilicho inchi 7. Alilizamisha jicho katika maji ili kuifutilia mbali nguvu ya konea, akakuta kasoro imebaki palepale, akahitimisha kwamba kwake yeye chanzo kimo ndani zaidi, kwenye lenzi ya jicho. Kwa watu walio wengi chanzo kikuu huwa ni konea, ule utando angavu wa mbele unaoupokea mwanga kabla ya kitu kingine chochote. Konea yenye kasoro imebinuka kama mgongo wa kijiko, kwa ukali zaidi upande mmoja kuliko upande unaoukingama. Mwanazuoni William Whewell, rafiki wa Airy, ndiye aliyelipatia tatizo hili jina la astigmatizimu.

Airy alipanda cheo hadi kuwa mwanafalaki mkuu wa serikali ya Uingereza, lakini jicho lake hakuliacha. Kwa miongo kadhaa aliendelea kulipima na kuchapisha matokeo, akilinganisha ya sasa na ya zamani. Nadhani hilo halijasifiwa vya kutosha. Alikuwa akijiuliza swali litakalowasumbua wapasuaji wa macho karne nzima baadaye: astigmatizimu ikibadilika, tunasema imebadilika kwa kiasi gani?

Ugumu wa swali unaonekana kwenye cheti chochote cha miwani ya kasoro hii. Kina namba ya nguvu, kwa diopta, na kina namba ya mhimili, kwa digrii, kuanzia sifuri hadi 180. Ya kwanza ni ukubwa, ya pili ni mwelekeo. Kitu chenye ukubwa na mwelekeo hakitolewi wala kujumlishwa kama shilingi. Kinahitaji hesabu za vekta. Na vekta hii ina tabia ya pekee ambayo mtu wa kwanza kuiwekea kanuni alikuwa George Gabriel Stokes.

Mwaka 1849 Stokes, Mwairishi ambaye mwaka huo huo alikabidhiwa kiti cha uprofesa wa hisabati alichowahi kukikalia Newton, alitoa taarifa fupi katika mkutano wa Jumuiya ya Uingereza ya Kuendeleza Sayansi mjini Birmingham. Alieleza kifaa cha kupimia astigmatizimu kilichoundwa kwa lenzi mbili za silinda zenye nguvu sawa, moja imebinuka na nyingine imebonyea. Zikilala mhimili juu ya mhimili, zinafutana, na mwanga unapita kana kwamba hakuna kitu. Ukianza kuizungusha moja, nguvu inajitokeza, inakua, hadi mihimili inapokingamana kwa pembe mraba, na hapo inafikia maradufu ya nguvu ya lenzi moja. Kwa hiyo jozi moja ya vioo inatoa kila kiwango cha astigmatizimu kati ya sifuri na kikomo hicho.

Pamoja na kifaa alileta kanuni. Ichore kila lenzi kama mshale: urefu wa mshale ni nguvu ya lenzi, na mwelekeo wake ni pembe ya lenzi ikiwa imezidishwa kwa 2. Jumlisha mishale hiyo kama unavyojumlisha nguvu zinazovuta kitu kimoja pande tofauti. Mshale unaopatikana ndio lenzi ya pamoja. Igawe pembe yake kwa 2 upate mhimili halisi.

Kwa nini kuzidisha kwa 2? Kwa sababu mwelekeo wa astigmatizimu ni wa mstari, hauna kichwa wala mkia. Konea iliyobinuka zaidi kwenye digrii 0 ndiyo hiyo hiyo iliyobinuka zaidi kwenye digrii 180. Ukitumia pembe kama zilivyo, hesabu itaziona hizo kuwa pande mbili zinazopingana, ilhali ni kitu kimoja. Ukizizidisha, 180 inakuwa 360, yaani mzunguko kamili, na mshale unarudi ulipokuwa. Nazo digrii 90 za tofauti, ambazo kwenye jicho ndizo kinyume halisi kwa kuwa mbinuko wa upande mmoja unaufuta wa upande unaoukingama, zinakuwa 180, na mishale inatazama kila mmoja kwake. Kila ninapoirudia hoja hii naiona nzuri kuliko nilivyoiona mara iliyotangulia. Kwa hatua moja ndogo, jambo lililoonekana halina utaratibu linaingia kwenye hesabu ambazo mwanafunzi wa sekondari anaziweza.

Kanuni ilikuwepo, basi, mwaka 1849. Chumba cha upasuaji hakikuipokea.

Huko Utrecht, Uholanzi, Franciscus Donders aliipeleka astigmatizimu kwa waganga wa kawaida. Kitabu chake kikubwa cha mwaka 1864 kuhusu kasoro za uonaji kiliifanya miwani ya silinda kuwa tiba ya kila siku. Donders aliona pia kwamba mgonjwa aliyeondolewa mtoto wa jicho hubaki na astigmatizimu ambayo hakuwa nayo. Mwenzake wa mji huo huo, Hermann Snellen, ambaye herufi zake za kupimia macho zimetundikwa mpaka leo katika kliniki zetu, alipendekeza mwaka 1869 kwamba mkato ukipitishwa kuukingama mwelekeo uliobinuka zaidi, mwelekeo huo utalala. Mpasuaji anaweza kuharibu umbo la konea, na kwa mkono huo huo anaweza kulinyoosha.

Kilichokosekana ni kipimo cha haraka. Mwaka 1881, katika maabara ya Sorbonne jijini Paris, Louis Émile Javal na Mnorwei Hjalmar Schiøtz walikamilisha keratomita yao: taswira mbili zenye mwanga zinaakisiwa juu ya konea, daktari anazisogeza mpaka ziguse, anasoma mbinuko wa kila mwelekeo na pembe yake. Kazi iliyokuwa ya maabara ikawa ya dakika chache. Schiøtz mwenyewe aliripoti mwaka 1885 mgonjwa aliyebakiwa na diopta 19.5 baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho. Alimkata milimita 3.5 ukingoni mwa konea, kwenye mwelekeo mkali, kasoro ikashuka hadi diopta 7. Mwaka 1898 Leendert Jan Lans wa Leiden alichapisha majaribio yake juu ya macho ya sungura, akaonyesha kwamba mkato ukiulaza mwelekeo mmoja, ule unaoukingama kwa digrii 90 hubinuka zaidi. Kwa maneno mengine, kila mkato unaacha alama mbili zenye ishara zinazopingana. Mtu mwenye jicho la hesabu angeona hapo hapo mshale wa Stokes.

Wapasuaji waliendelea kutoa namba. Kabla ya upasuaji diopta kadhaa, baada yake diopta kadhaa, tofauti ndiyo kazi ya kisu. Tuichukue konea yenye diopta 2, mwelekeo wake mkali ukiwa kwenye digrii 90. Baada ya upasuaji keratomita inasoma diopta 2 tena, lakini sasa kwenye digrii 120. Kwa kutoa tu, mabadiliko ni sifuri na mpasuaji anaandika kwamba hakuigusa konea. Kwa kanuni ya Stokes, pembe zinakuwa 180 na 240, mishale miwili yenye urefu wa 2 imeachana kwa digrii 60, na umbali kati ya ncha zake ni diopta 2 kamili. Upasuaji umeingiza kasoro mpya yenye ukubwa sawa na ile ya zamani, ikielekea digrii 150. Mgonjwa akivaa miwani yake ya zamani ataujua ukweli huo mara moja, hata kama cheti chake kinasema hakuna kilichobadilika. Na ikiwa diopta 2 za wima zimegeuka kuwa diopta 2 za mlalo, kutoa kunaleta sifuri tena, wakati badiliko la kweli ni diopta 4.

Wastani wa kundi ulikuwa na mtego wake. Wagonjwa wawili, mmoja kwenye digrii 5, mwingine kwenye 175, kwa hakika wana mwelekeo karibu mmoja, wa mlalo. Wastani wa kawaida wa namba hizo ni 90, yaani wima, kinyume kabisa. Ukizidisha kwanza unapata 10 na 350, wastani wa mishale yake unaangukia kwenye sifuri, na jibu ni la mlalo kama inavyotakiwa.

Kosa hili lingeweza kuvumiliwa wakati upasuaji wenyewe ulikuwa wa kumwondoa mtu gizani. Mtoto wa jicho uliondolewa kupitia mkato wa milimita 10 au zaidi, mgonjwa akapewa miwani minene, na diopta moja au mbili za astigmatizimu zikawa jambo dogo. Mambo yalianza kubadilika tarehe 29 Novemba 1949, Harold Ridley alipoanza kuweka lenzi ya plastiki ndani ya jicho katika hospitali ya St Thomas', London. Lenzi ya ndani ilipozoeleka, mgonjwa aliweza kutarajia kuona vizuri bila miwani minene, na astigmatizimu iliyoletwa na mkato na mshono ndiyo iliyobaki ikimzuia. Uzi wa nailoni ukikazwa sana huikunja konea na kuibinua zaidi upande ule. Ukilegea au ukikatwa, konea inalala, na kipimo cha wiki ya kwanza hakifanani na cha mwezi wa tatu. Hapo haikuwezekana tena kuzungumza juu ya ukubwa bila mwelekeo.

Mwaka 1975 Norman Jaffe na Henry Clayman, wapasuaji wa Marekani, walichapisha uchambuzi wao wa astigmatizimu ya konea baada ya kuondoa mtoto wa jicho, na ndani yake walitumia vekta kuikokotoa kasoro iliyoletwa na upasuaji peke yake, ukubwa na mhimili wake. Wataalamu wa miwani walikuwa wameanza kuandika juu ya vekta hizo muongo mmoja kabla. Lakini makala hiyo ndiyo iliyoifikisha hoja kwa wanaoshika kisu. Tangu Birmingham ilikuwa imepita miaka 126. Kwa muda wote huo jibu lilikuwa limechapishwa, kwa lugha ambayo madaktari wengi waliisomea, na lilihitaji tu jedwali la trigonometria. Siwezi kuisimulia sehemu hii ya historia bila uchungu, nikiwafikiria waliobadilishiwa mwelekeo wa kuona na kuambiwa kwamba vipimo vyao havikubadilika.

Baada ya hapo njia ziliongezeka, wakati mwingine kwa mabishano makali. Kristian Naeser wa Denmark alizigeuza namba za keratomita kuwa thamani zinazopimwa kwa kuufuata mwelekeo wa mkato. Holladay, Cravy na Koch walieleza mwaka 1992 hatua za kukokotoa badiliko lote lililoletwa na upasuaji. William Harris, Johannesburg, alilitazama jambo kwa matrisi na kujenga juu yake takwimu zinazoheshimu hali halisi ya nguvu ya lenzi. Mchango huo wa Afrika unastahili kutajwa zaidi ya unavyotajwa. Mwaka 1997 Larry Thibos na wenzake wa Indiana waliiandika kasoro yoyote ya uonaji kwa namba tatu zinazoweza kujumlishwa bila kuhofia mtego wowote.

Aliyeuliza swali jipya alikuwa Noel Alpins wa Melbourne, Australia, mwaka 1993. Waliomtangulia walikokotoa kilichotokea. Alpins alitaka kukipima dhidi ya kilichokusudiwa, jambo lililokuwa la lazima kwa kuwa leza ya kuchonga konea ilikuwa inaingia kliniki, na mgonjwa wa leza anakuja kwa ajili ya kuondolewa kasoro hiyo hiyo. Alichora mishale mitatu: wa kwanza ni badiliko lililolengwa, wa pili ni badiliko lililotokea, wa tatu ni pengo kati ya hayo mawili. Kutoka humo unapata uwiano wa kilichotokea kwa kilicholengwa, ambao ukiwa 1 nguvu ilikuwa sahihi, na unapata pembe inayoonyesha mkono ulikengeuka kiasi gani.

Faida yake inaonekana kwa mfano. Mpasuaji analenga kuondoa diopta 2 na analeta badiliko la diopta 2 barabara, isipokuwa limekwenda upande kwa digrii 15. Uwiano ni 1, hakukosea nguvu hata kidogo. Lakini zimebaki diopta 1.04, zaidi ya nusu ya kasoro. Akiangalia ukubwa peke yake atadhani mashine yake ni dhaifu, ataiongeza nguvu, na mgonjwa afuataye ataumia zaidi. Mishale mitatu inamwambia kwamba kilichokosewa ni kuweka alama kwenye jicho, pengine kwa sababu mgonjwa akilala chali jicho huzunguka kidogo, na aliwekewa alama akiwa amelala.

Hesabu hizo hizo ndizo zinazotawala lenzi za toriki, zile zinazowekwa ndani ya jicho zikiwa na silinda. Lenzi ikizunguka digrii 10 kutoka mahali pake, theluthi moja ya kazi yake imepotea. Ikizunguka 30, inabaki kasoro yenye ukubwa ule ule wa awali, kwa mhimili mwingine. Ni jozi ya Stokes, lenzi mbili zinazopaswa kufutana, safari hii moja ikiwa ni konea yenyewe. Na hesabu sahihi haiponyi kipimo pungufu: mwaka 2012 Douglas Koch na wenzake walionyesha kwamba uso wa nyuma wa konea, ambao keratomita haiuoni, una wastani wa diopta 0.30 za astigmatizimu, na kwa kuudharau wapasuaji walikuwa wakizidisha dawa kwa wagonjwa wengine na kuipunguza kwa wengine.

Leza na lenzi za toriki ni za wachache kwetu. Katika hospitali nyingi za Tanzania, Kenya na Uganda, mtoto wa jicho huondolewa kwa mikono kupitia mkato mdogo usioshonwa, mbinu iliyosambazwa sana na wapasuaji wa Nepal na India kwa sababu ni ya haraka na haihitaji mashine ya bei kubwa. Mara nyingi mpasuaji hukaa kichwani pa mgonjwa na kukata upande wa juu wa jicho. Mkato huo huilaza konea kwa wima na kuibinua kwa mlalo. Sasa, wazee wengi wana konea iliyokwisha kubinuka kwa mlalo kutokana na umri. Mkato wa juu unaongeza kile ambacho umri ulikuwa tayari umekileta.

Watafiti wawili wa India, Gokhale na Sawhney, walilipima jambo hili kwa vekta mwaka 2005. Mkato wa juu ulileta wastani wa diopta 1.28. Uliohamishiwa juu upande wa sikio ulileta 0.20, na wa upande wa sikio moja kwa moja 0.37. Kisu ni kile kile, dawa ile ile, gharama haikuongezeka. Kilichohama ni kiti cha mpasuaji. Kwa mzee wa Moshi au Kisumu ambaye hatarudi kununua miwani, diopta moja hiyo ndiyo tofauti kati ya kuuona uso wa mjukuu na kuukisia.

Hata hivyo namba za India ni za mikono ya India. Kila mpasuaji ana kasoro yake anayoiingiza, kulingana na urefu wa mkato wake, umbali wake kutoka katikati ya konea na namna anavyoufunga. Ili aijue yake anahitaji vipimo vya keratomita vya kabla ya upasuaji na vya wiki sita hivi baadaye, pamoja na digrii zake, kwa wagonjwa kadhaa mfululizo. Kanuni ya Stokes inaingia kwenye simu. Kinachokosekana katika mafaili mengi ni ule mstari wa pembe, ambao mara nyingi huachwa wazi kwa kuwa fomu inauliza tu mgonjwa anasoma mstari wa ngapi kwenye herufi za Snellen. Fomu hizo zinachapishwa na hospitali zenyewe, na zinaweza kuongezwa safu mbili, ya diopta na ya digrii, kabla ya kambi ijayo ya upasuaji.